Siku Mpwa Wangu Aliposema Amelipwa

Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto vilikatwa kwa sababu ya video. Daktari alisema ni sukari. Sawa, ni sukari, lakini najua nani alinifikisha pale na nitawataja. Wa kwanza ni mwenye duka la mitishamba hapa Garissa, aliyesaga mbegu akaziita tiba. Wa pili ni mtoto wa dada yangu, aliyeusifia huo unga kwenye simu.

Kwetu mjomba na mpwa huitana neno moja, abti. Huyu binti anafuatwa na watu wengi mtandaoni, kutoka hapa mpaka Mandera. Kwenye ile video alikoroga unga kwenye maziwa ya ngamia, akasema bismillahi, akanywa kidogo. Kisha akasema kwa Kisomali, "Nyumbani kwetu tunatumia huu." Nyumbani kwetu! Mtu wa nje ningemhoji, lakini damu yangu nitaihoji vipi? Nikaacha sindano za sukari, nikashika unga.

Alikuja hospitalini akilia.

"Abti, nisamehe. Mwenye duka aliniandikia maneno, mimi nikayasema tu. Hata yale maziwa niliyatema."

"Ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Basi waambie na wengine."

Hapo machozi yakakauka. Alisema akitoa neno hilo hakuna duka litakalompa kazi tena, na karo ya chuo inatoka huko. Video ikabaki, watu wakaendelea kuitazama na kuagiza unga. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Waberi, na hasira kifuani.

Mimi ni dalali wa mbuzi. Shule niliacha darasa la tatu. Nilipoweza kutembea na fimbo, mpwa wangu ndiye aliyenisindikiza soko la mifugo, kwa sababu bado nilikuwa nayumba. Mnunuzi mmoja kutoka Bute akaja, akaniuliza kama kawaida, "Waria, leo uko upande wa nani?"

"Wa huyu mzee. Mbuzi ni wake, na yeye ndiye ananilipa."

"Basi meno nitaangalia mwenyewe," akasema, tukacheka. Aliangalia meno, akapapasa migongo, akanunua.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Abti, umemwambia unalipwa, na bado amenunua?"

Kabla sijajibu, mfugaji mmoja kijana akamsogelea, simu mkononi, meno yote nje.

"Walaal, dada yangu! Si ni wewe yule wa dawa ya sukari? Hooyo, mama yangu kule Kutulo, anakupenda! Ameacha vidonge kabisa. Msalimie hapa, atafurahi."

Akamwekea simu mbele ya uso, inarekodi. Mimi nilishika fimbo kwa nguvu. Nilijua kuna mama mzima amekaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi, na vidole vyake bado viko.

Binti alinitazama mguuni, kisha akatazama simu.

"Assalamu alaikum, hooyo. Ule unga nililipwa niusifu. Sisi nyumbani hatuutumii, na mimi sijaumeza hata siku moja. Abti wangu aliuamini, akakatwa vidole. Usiutumie."

Kijana akashusha simu. "Unanitania?"

"Sikutanii."

"Wewe ni dalali, basi! Na dalali mbaya, hata hawa wa mbuzi hujitaja!"

Watu wakageuka. Nilitaka kumtetea, lakini kijana alisema kweli. Yeye binti hakukimbia. Alimwomba ile rekodi, akaiweka kwenye ukurasa wake pale pale, mbuzi wakilia nyuma yake.

Mwenye duka alimpigia kwa matusi, akatishia kumshtaki, na mpaka leo anauza. Watazamaji wengine walimhama. Lakini fundi mmoja wa nguo za harusi alimpa kazi mwezi uliofuata, na video ikaanza hivi: "Huyu fundi amenilipa. Sasa tazameni mshono wenyewe." Wateja walikwenda, wallahi. Karo bado inalipwa, pole pole.

Yule mama wa Kutulo alikuwa amejibu jioni ya siku ile ya soko, kwa ujumbe wa sauti kupitia kwa mwanawe. Alimtukana mpwa wangu kwanza, na alimtukana vizuri, mpaka mimi mwenye uchungu nikacheka. Halafu akashusha pumzi.

"Sasa niambie, vidonge nianze na kimoja au viwili?"

"Mimi usiniulize dawa, hooyo," binti akamjibu. "Kesho asubuhi nenda zahanati."

Kesho yake asubuhi mama yule alikwenda.