Mgeni Mmoja, Boi Mmoja

Baba yangu alifanya kazi hotelini Lushoto miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakulala kwenye kitanda cha hoteli hata mara moja. Alivitandika. Alijua shuka lililotandikwa vibaya kwa kulipitishia kiganja tu. Miaka michache baada ya Uhuru Mzungu mwenye hoteli alifungasha akaondoka, na baba akarudi kwenye shamba letu juu ya Soni kulima kabichi na viazi.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka niliomaliza chuo kikuu, nikisubiri kupangiwa kazi. Sikuwa na la kufanya ila kuhoji. Nilihoji mahubiri ya mchungaji, nilihoji hotuba ya katibu wa chama, nilimhoji mama kwa nini anaanza kuchota maji kabla ya kuwasha moto. Mama alinijibu kwamba moto haunyweki. Ndiyo hoja pekee niliyoshindwa mwezi ule.

Ndipo ikaja barua kutoka Pangani. Ilitoka kwa mpishi mzee aliyefanya kazi na baba pale Lushoto. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, asiye na mke wala mtoto. Baba alipoteremka kutoka Mlalo akiwa kijana, Mlutheri mwenye Kishambaa kitupu, ni mpishi huyo aliyemfundisha kuoka mkate na kusema Kiswahili. Hoteli ilipofungwa alirudi kwao, akapika katika hoteli ya zamani ya kando ya mto mpaka miguu ikavimba asiweze kusimama. Wenyewe wakamwachia chumba uani, katika safu ya nyuma ya watumishi.

Barua alikuwa ameandikiwa na mtu, lakini sauti ilikuwa yake. "Mgosi," alimwita baba, jina ambalo watu wa pwani wanatuitia sisi wa milimani kwa utani, "njoo kabla sijatangulia. Njoo nisikie kama Kiswahili chako bado kina mawe. Safu yetu hairuhusu wageni, ila chumba cha ubavuni mwangu ni cha maboi wanaofuatana na wageni wa hoteli, na siku hizi hakina mtu, maana wageni wa siku hizi wanajibebea mizigo wenyewe."

Baba aliisoma mara tatu. Goti lake lilikuwa bovu, asingeweza kubadili mabasi peke yake kutoka Mombo mpaka Pangani. Akanitazama.

"Tutakwenda," nikasema. "Nami nina hamu ya kuiona Pangani. Boma la Wajerumani, majumba ya wauza watumwa, yote."

"Majumba hayana haraka," alisema baba. "Mzee ndiye mwenye haraka."

Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Lakini nilikuwa na jambo langu, nalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko maongezi ya wazee wawili. Nilitaka baba alale hotelini kama mgeni. Aletewe chai, atandikiwe, aitwe kwa heshima. Tulikuwa na bendera, tulikuwa na Azimio, tulikuwa tunaitana ndugu kuanzia shuleni mpaka sokoni, na mtu aliyetandikia Wazungu nusu ya umri wake alikuwa hajawahi kutandikiwa. Niliona kwamba nikimlaza baba ghorofani nitakuwa nimethibitisha kitu. Sikumwuliza kama yeye anataka kithibitishwe.

Niliandika barua tatu kwa anwani nilizopewa na dereva wa lori la mboga anayeshuka pwani. Ya kwanza ilijibiwa kwa upole kwamba wao ni hoteli ya chai, maandazi na pilau, tunakaribishwa kula, ila kulala hapana labda mezani. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Msomi ameomba kitanda kwa muuza maandazi!" alisema. "Na kwani kulala nako kunalipiwa? Kukoroma je, wanalipisha kando?"

Ya pili ilitoka kwenye gesti ya karibu na soko. Baba aliisoma jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. "Huyu amesifu chandarua mistari minne," akasema. "Chandarua chake kimetoboka. Na hakusema maji ya moto yanakuja saa ngapi. Mwenye maji ya moto husema."

Ya tatu ilitoka hoteli ya mtoni, kule alikokuwa mzee. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu iliyopigwa chapa zamani, karatasi nzito, na barua fupi ya meneja, Mwafrika mwenzetu, akisema vyumba vipo, tujaze na kurudisha.

"Hii," baba alisema. Akaikunjua fomu juu ya meza.

Kesho yake nilikwenda Lushoto kuulizia kazi yangu. Niliporudi nikaikuta fomu mezani, imejazwa kwa mwandiko wa baba, ule mwandiko wa shule ya misheni unaosimama wima kama watu kanisani. Wageni: mmoja. Hapo aliandika jina langu. Maboi wanaofuatana na mgeni: mmoja. Hapo aliandika lake.

Damu ilinipanda. Nilimfuata shambani.

"Baba, umejiandika boi."

"Ndiyo. Chumba cha maboi kiko ubavuni mwa mzee. Umesoma mwenyewe."

"Boi wangu? Mimi mwanao?"

"Ungependa niwe boi wa nani? Wewe angalau nakujua, huna mizigo mingi." Akacheka. Alikuwa ameufikiria mpango wake na alikuwa anajivunia. "Wewe utalala juu na majumba yako ya watumwa. Mimi nitalala nyuma, tuongee kuta zikiwa karibu. Hata chakula cha nyuma ndicho kitamu, cha mbele kinapoa njiani."

"Utamtembelea mchana kama mgeni anavyomtembelea mtu."

"Mgeni haendi nyuma, mwanangu. Nimefanya kazi hotelini. Mgeni akionekana uani, mwenye uani ndiye anayefukuzwa."

Nilirudi ndani nikaichana ile fomu. Alipoingia jioni aliona vipande.

"Umeichana?"

"Nimeichana."

"Karatasi ilikuwa nzuri," alisema, akaenda kunawa.

Baadaye watu wameniuliza kwa nini hakuomba nyingine, kwa nini hakuandika mwenyewe. Kwa sababu alinisomesha. Aliuza ng'ombe nisome, na mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya akili za mwanawe hawezi kuzikataa siku zinapokuja kumwumiza.

Nilimwandikia meneja kurasa tatu. Nilimwuliza ni kwa misingi gani, katika nchi inayojenga ujamaa, hoteli yake ina fomu yenye neno boi. Nilidai baba yangu apewe chumba cha juu chenye dirisha la mtoni. Nilidai mstari ule ufutwe, na kwamba barua ya kukubali iandikwe kwake yeye, mgeni mwenyewe, kwa jina lake kamili, ikianza na Ndugu.

Meneja alijibu baada ya majuma mawili. Alikuwa mtu mstaarabu kuliko nilivyostahili. Fomu zile ni akiba ya zamani, alisema, wanazimaliza kwa sababu karatasi ni shida, tuukate mstari kwa kalamu na tuje.

"Amesema tuje?" baba aliuliza.

"Amesema. Lakini hajajibu hoja."

"Hoja ndiyo itakayotupokea kituoni?"

Niliandika tena. Safari hii nilitaja gazeti, nilitaja ofisi ya mkoa, nilitaka tuombwe radhi kwa maandishi. Nakumbuka jinsi nilivyofurahia sentensi moja mpaka nikaisoma kwa sauti. Mama alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Inasikika vizuri. Inaenda wapi?"

Katikati ya majuma yale dereva wa lori alisimama kwetu na salamu. Mzee anauliza kama mgosi amepotea njia, au Kishambaa kimemrudia asiweze kuuliza. Baba alitabasamu, kisha tabasamu likaisha.

"Mwambie barua inajibiwa."

"Barua gani tena, mzee wangu?" dereva aliuliza. "Si mpande tu, niwafikishe?"

Baba alinitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Lori lilikuwa pale, injini inanguruma, nafasi mbili mbele.

"Bado hawajakubali," nikasema.

Bahasha ilikuja Ijumaa moja. Kwa kuwa nilidai iandikwe kwa baba, iliandikwa kwa baba. Akakabidhiwa Soni mkononi mwake, akaisoma amesimama palepale posta, akapanda mlima na goti lake. Mimi nilikuwa kivulini nasoma. Akanipa bila kukaa.

"Umejibiwa."

"Ina jina lako, baba."

"Jina langu. Majibu yako."

Nilishinda. Ilianza na Ndugu. Meneja aliomba radhi kwa niaba ya hoteli, mstari ule umefutwa katika fomu zote, na chumba cha juu chenye dirisha la mtoni kimewekwa kwa ajili ya mgeni wao mheshimiwa kwa siku tatu. Aya ya mwisho ilikuwa fupi. Anasikitika kutuarifu kwamba mpishi wao wa zamani, ambaye tulisema tungependa kumwona, amefariki Jumanne na kuzikwa siku hiyohiyo, na kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama kuna mtu amefika chumba cha ubavuni.

Nilisoma ile aya nikaanza kusema mambo. Nilisema twende hata hivyo, tukahani, tukaone kaburi.

"Tukamhani nani?" baba aliuliza. "Hakuwa na mtu. Aliyekuwa naye ni mimi."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu, akaviweka juu ya kitabu changu.

"Waandikie kwamba hatuji. Wasishikilie chumba bure, kuna watu wanakihitaji."

"Niseme sababu gani?"

"Mgeni hatoi sababu," alisema baba. "Si ulitaka niwe mgeni? Andika mstari mmoja."

Niliandika mstari mmoja. Akausoma, akakubali kwa kichwa, akatia sahihi mwenyewe.