Mlima Aliodai Kuujua Masalu

Kwa miaka mingi Masalu wa Kasoli hakuwa na neno "sijui" mdomoni. Ukimwuliza habari za injini, anajua. Dawa ya kuku, anajua. Ukimwuliza njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kufika, atakuelekeza mpaka kona ya mwisho. Nimelala naye chumba kimoja ughaibuni, nampenda kama ndugu wa tumbo moja, na bado nasema mtu huyo alikuwa mwongo. Uongo wake haukumdhuru mtu ila yeye mwenyewe. Siku alipopona nilikuwepo, na nusura initoe roho.

Mimi ni Keneth, mtoto wa wachuuzi wa samaki wa Lamadi. Masalu nilikutana naye mwaka 1996. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa ushirika peke yake. Sasa kila mwenye mizani na turubai alikuwa mnunuzi, na viwanda vya kuchambua pamba vilianza kuchipuka kutoka Bariadi mpaka Maswa. Tajiri mmoja mwenye kiwanda kipya akatafuta vijana wa kuwapeleka India, mji wa Coimbatore, wakasomee mashine na madaraja ya pamba kwa miezi sita. Tukachaguliwa watatu: mimi, Masalu, na Maximiliana, binti wa mzee Kasmiri wa Maswa.

Maximiliana alikuwa na vidole vya ajabu. Mfumbe macho, mpe pamba, atakwambia hii safi na hii fifi, yaani ya daraja la chini, wala hakosei. Nadhani watu nao aliwapima hivyo hivyo, kimya kimya.

Masalu alimpenda tangu kwenye ndege. Tatizo lilikuwa mzee Kasmiri, aliyejulikana Maswa nzima kwa kurudisha wachumba nyumbani kwao. Kwa hiyo Masalu alihakikisha Maximiliana anasikia, kila wiki na kwa njia mpya, kwamba baba yake ana ng'ombe sitini. Mara anataja fahali wao mweupe, mara anasimulia jinsi zizi lao lilivyo dogo. Maximiliana alikuwa akimsikiliza na kuendelea kula wali wake.

Zilipobaki wiki mbili tu, Masalu alinikalisha kitandani.

"Nkoi," akaniita, maana rafiki kwetu tunamwita hivyo, "nitamwambia. Lakini nitamwambia kileleni mwa mlima."

"Kwa nini kileleni?"

Akanionyesha kalenda ukutani. Mwezi ule ulikuwa na picha ya mume na mke wa Kihindi wamesimama juu ya mlima, upepo unapeperusha nguo zao. Ndiyo sababu yenyewe. Sikupata nyingine mpaka leo.

Alisema milima anaijua. Alipanga safari kama mtu anayekwenda kunywesha ng'ombe: saa tatu tunaanza kupanda, saa sita tuko juu, saa nane tunakunywa chai stendi. Koti lake la mitumba aliliacha msumarini, kwa kuwa India ni nchi ya joto na hilo kila mtu analijua. Miguuni alivaa katambuga, zile ndala za matairi ambazo wachungaji wetu huvaa hata kwenye miiba. Mimi nilitaka tununue mikate. Akacheka, akainua mfuko wa kitambaa aliopewa na mama yake. Alikuwa amepewa mifuko miwili, mmoja wa michembe na mwingine wa matobolwa, na huu, alisema, ni wa matobolwa. Mtu mwenye matobolwa anahangaika na mikate ya nini?

Tulishuka kwenye basi katika mji mdogo wa mashamba ya chai, na mlima ulikuwa pale pale mbele yetu, unaonekana kila jiwe. Hapo ndipo tulipokosea sisi watu wa mbuga. Kwetu unachokiona unakifikia. Unatembea, kinazidi kuwa kikubwa, mwisho unakigusa. Mlima ule tulipoingia tu miguuni pake ukapotea. Miti mbele, miti nyuma, na kila tulipodhani tumefika juu tulikuta kuna juu nyingine.

Saa sita ilipita tukiwa bado tunapanda. Saa saba mvua nyembamba ikaanza, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na katambuga za Masalu, ambazo kwenye vumbi la Kasoli hazina mpinzani, zikageuka sabuni juu ya mawe. Alianguka mara nne. Kila akiinuka alitueleza kwamba ndivyo mlima unavyopandwa.

"Tule," Maximiliana akasema.

Masalu akafungua mfuko. Nikachukua kipande, nikauma, na jino langu la nyuma likalia. Maximiliana hakuuma. Alikishika kipande chake kwa vile vidole vyake, akakigeuza mara moja.

"Masalu, hii ni michembe."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Unayatafuna njiani bila shida. Michembe hukatwa mibichi na kuanikwa, na bila chungu na moto ni vipande vya mbao tu. Mwanamke yeyote wa kwetu anavitofautisha kwa kutupia jicho. Masalu alitazama ndani ya mfuko kama vile umemsaliti.

"Najua," akasema. "Inatafunika pia."

Akatafuna. Nilimhurumia na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Kisha ukungu ukashuka. Njia ikagawanyika, Masalu akasema kulia. Tukatembea muda mrefu tukafika kwenye jiwe lenye alama ya rangi nyeupe. Njia ikagawanyika tena, akasema kulia. Tukafika kwenye jiwe lenye alama ya rangi nyeupe, na pembeni yake kulikuwa na alama ya makalio ya Masalu pale alipoanguka mara ya tano.

"Sasa tushike hii ya kushoto," akasema. "Naijua."

Maximiliana akakaa chini. Aliketi juu ya lile jiwe, akajitanda kanga yake mabegani, akamtazama.

"Masalu, umewahi kupanda mlima?"

Niliona mdomo wake ukifunguka kusema ndiyo. Nilimjua, nilikuwa tayari kwa ndiyo. Lakini alikuwa analowa, meno yanagongana, na yule aliyemwuliza ndiye alikuwa sababu ya safari yote.

"Sijawahi," akasema. "Kasoli kuna mlima gani?"

"Na njia hii unaijua?"

"Siijui. Tangu asubuhi siijui."

"Na wale ng'ombe sitini?"

Mimi nilianza kutazama miti. Kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyasikia, na pale hakukuwa na pa kwenda.

"Ni sita," Masalu akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka juzi ugonjwa wa ndigana uliingia zizini. Walibaki sita, na mmoja anachechemea. Maxi, nilitaka tukifika kileleni nikwambie nataka kukuoa. Sasa hata kilele sijui kiko upande gani."

Nilijua amemkosa. Mtu aliyedanganya ng'ombe hamsini na nne, mbele ya binti wa mzee Kasmiri, amekwisha.

Maximiliana akaanza kucheka. Alianza taratibu, akajizuia, ikashindikana, akacheka mpaka akashika jiwe kwa mikono miwili. Nami nikacheka, na mwisho Masalu naye, machozi na mvua vikachanganyika usoni. Baridi ile nusu yake iliondoka.

Lakini jibu Maximiliana hakutoa. Alisema tu, "Basi kama hatuijui, tukae hapa hapa mpaka ukungu uondoke."

Tulikaa tumebanana kama kuku. Baada ya saa moja hivi ukungu ukainuka kidogo, na ile njia ya kushoto tukaiona yote. Ilikwenda hatua kama ishirini, ikaishia hewani. Chini yake kulikuwa na bonde refu, na mawe. Masalu alishika mkono wangu na nikamwachia aushike.

Upande wa pili, chini kabisa, tuliona nguo nyekundu na za njano: wanawake wachuma chai wanarudi na vikapu. Tulipiga kelele kwa Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza chetu chote. Mmoja akapanda kutufuata, mama wa makamo, mwembamba, akatuonyesha pa kukanyaga, huku akimgombeza Masalu kwa lugha yake na kunyooshea kidole zile katambuga. Masalu akaitikia, "Ndiyo, mayu," kwa heshima zote, kama anayejibu mama yake mzazi.

Nyumbani kwake alituwashia moto. Maximiliana aliomba sufuria na karanga kwa ishara za mikono, akaipika ile michembe ya watu. Yule mama alionja, akaita jirani, jirani akaita watoto wake. Mfuko wote ukaisha na jua halijazama. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asiambiwe.

Kwenye basi la kurudi ndipo Maximiliana alipozungumza, akitazama dirishani.

"Uliyosema kule juu nimeyasikia. Mimi nimekubali. Lakini lazima na baba akubali, na ukienda kwake useme sita. Usiseme hata saba."

Tulikwenda Maswa mwezi Februari, mimi nikiwa msemaji. Kwetu bwana harusi hukaa kimya, msemaji ndiye husifu na kuvuta kamba, na mimi, mtoto wa soko la samaki, nilikuwa nimetayarisha maneno ya kutosha kuuza sangara aliyeoza. Mzee Kasmiri alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniacha, akamgeukia Masalu, jambo lisilo la kawaida.

"Kijana, kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

Nilimkanyaga mguu Masalu. Akautoa mguu wake.

"Sita, baba. Mmoja anachechemea."

Wazee wa upande wetu waliinamisha vichwa. Mimi nilianza kutafuta kofia yangu.

"Wamekuja watatu kabla yako," mzee Kasmiri akasema. "Wa kwanza alikuwa na ng'ombe mia. Wa pili mia na ishirini. Wa tatu sikumbuki, alikuwa hajamaliza kuhesabu nilipomfukuza. Hakuna aliyewahi kuwa na ng'ombe mgonjwa." Akapangusa macho, sijui kwa moshi au kwa nini. "Lete wanne. Wawili wabaki zizini kwako. Binti yangu hajazoea chai ya rangi."

Kutoka jikoni Maximiliana akapiga kigelegele, kabla hata wazee hawajasimama kupeana mikono.