Bi Uzi na Picha Iliyopinduliwa

Saa mbili na robo asubuhi, mwanga unaingia kwenye chumba kilicho chini ya maktaba kupitia kidirisha kirefu karibu na dari. Kutoka ndani huonekana miguu tu ya wanafunzi wanaowahi darasani: viatu, ndala, viatu tena. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa anavuta uzi uliopakwa nta, anaupitisha kwenye tundu la sindano bila kuutazama, kisha anaanza kushona.

Chuo kizima kinamwita Bi Uzi. Wapo maprofesa ambao tasnifu zao zilishonwa naye na mpaka leo hawajui jina lake jingine.

"Hata mimi mtu akiniita lile la kwenye cheti, nageuka kuangalia nani kaingia," anasema.

Leo anashona karatasi moja tu. Ina mistari kumi na moja, inayotangaza kwamba makala fulani ya jarida la chuo imebatilishwa kwa sababu picha yake haikuwa ya kweli. Inawekwa mbele ya makala yenyewe, ndani ya jalada jekundu alilolishona kwa mikono yake. Ni kazi ya dakika ishirini. Imechukua miezi saba kuifikia, na bado hajui kama itamgharimu kazi yake.

Bi Uzi amefanya kazi hapa miaka thelathini na mmoja, yote kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka kamati ya maktaba huketi na kuusaini upya. Mwenyekiti wa kamati hiyo, mpaka majuzi, alikuwa mhadhiri wa mimea ambaye chuoni anajulikana kwa neno moja tu: Daktari. Makala iliyobatilishwa ni yake.

Aliingia chuoni akiwa mfagiaji. Fundi mzee wa kushona vitabu alimwona akikunja magazeti ya zamani kwa ustadi, akamkalisha mezani. Taabu ikawa moja: msichana alitumia mkono wa kushoto, na meza, kibanio na taa vyote viliwekwa kwa mtu anayetumia mkono wa kulia.

"Akaniambia, mwanangu, meza hii siwezi kuibomoa. Wewe itabidi uigeuze dunia."

Akaigeuza. Tangu siku hiyo kila karatasi hulala mbele yake miguu juu, ili mgongo wa kitabu uje upande wa mkono wake. Maandishi yakiwa hivyo hayasomeki kwa haraka, kwa hiyo hayasomi. Hubaki na picha.

Anazozipenda zaidi ni zile zilizopigwa kwa hadubini, za ndani ya majani na mizizi. Zikipinduliwa kwake huwa nchi. Anazo nchi nyingi, na kila moja ameipa jina. Ipo Mji wa Matofali. Ipo Mvua ya Kulala. Katika toleo la Machi la mwaka juzi alikutana na ile aliyoiita Mabwawa Matatu: madoa matatu meupe, na mstari mwembamba unaoyazunguka kama njia ya miguu.

"Nilikuwa napita pale usingizini," anasema, na sauti inapungua kidogo. "Maji yametulia. Hakuna mtu, hakuna hata ndege. Natembea tu, nasikia nyasi kwenye vifundo vya miguu."

Mdogo wake, mshona nguo anayeishi naye, hajazoea mpaka leo. "Dada, wenzako wanaota wajukuu, wewe unaota majani," humwambia wakinywa chai.

"Wajukuu wanapiga kelele," Bi Uzi humjibu.

Asubuhi moja alikuwa akipandisha vitabu ghorofa ya kwanza, akapita mbele ya kabati la kioo. Ndani yake lilikuwa limefunguliwa toleo la Desemba, kwenye makala iliyopewa tuzo ya mwaka. Ilihusu dawa ya kunyunyizia inayoponya majani ya maharage. Bi Uzi akasimama. Mabwawa Matatu yalikuwa yakimtazama kutoka nyuma ya kioo, na njia yake ileile.

Hakufikiri udanganyifu. Alifikiri kosa lake mwenyewe. Nchi ile aliijua ikiwa imepinduliwa, basi ikiwa anaiona hivyo akiwa amesimama wima, lazima kurasa zimeshonwa miguu juu.

"Kwa fundi wa kazi hii, hiyo ni aibu kuliko kuanguka ngazini mbele ya watu. Nikamwomba dada wa mapokezi anifungulie kabati kabla hajapita mtu."

Maandishi yalikuwa wima. Namba za kurasa zilikuwa mahali pake. Kilichopinduliwa ni picha peke yake; ndiyo maana hakuitambua alipokuwa akiishona.

Alishuka na toleo hilo mpaka kwenye rafu, akatoa toleo la Machi na kuyaweka yote mawili mezani. Safari hii alisoma maneno. Machi, chini ya picha, paliandikwa kwamba hilo ni jani lenye afya ambalo halijawahi kuugua wala kuguswa na dawa yoyote. Desemba paliandikwa kwamba ni jani lililokuwa gonjwa, likapona baada ya kunyunyiziwa. Jina la mwandishi lilikuwa moja.

Jioni alimweleza mdogo wake. Yule akaacha cherehani, akafikiri.

"Basi ni kweli limepona," akasema. "Limepona kwa sababu halikuumwa."

Walicheka. Kisha mdogo akauliza nani anasaini mkataba, na kicheko kikaisha.

Wiki mbili Bi Uzi alibeba jambo lile kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Hakumwambia mtu chuoni. Hatimaye aliandika barua ya mistari mitano kwa mhariri wa jarida. Hakumtuhumu mtu. Aliuliza tu ikiwa picha moja inaweza kuwa ya majani mawili.

Mhariri, mwanamke mwembamba mwenye mvi za mapema, ameihifadhi barua hiyo kwenye droo. "Wahakiki watatu waliisoma makala ile. Mimi nimeisoma mara nne. Sote tunasoma wima," anasema. "Tulichapisha picha moja kwenye plastiki angavu, tukaiweka juu ya nyingine, tukaizungusha polepole. Ililala doa kwa doa."

Daktari aliombwa kuleta picha ya awali. Aliombwa tena. Mara ya tatu hakujibu. Badala yake alishuka mwenyewe kwenye chumba cha chini.

"Mama, wewe ni fundi wa vitabu, si wa mimea," alimwambia, kwa maelezo ya Bi Uzi.

"Ndiyo, Daktari. Ndiyo maana nimeuliza."

"Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza wewe, ungenijibu nini?"

Daktari aliokota kipande cha uzi mezani, anasema Bi Uzi, akakirudisha. Kisha akapanda ngazi bila kuaga.

Daktari hakukataa kuzungumza na mwandishi wa habari hii. Kompyuta yake iliharibika na kuondoka na picha za miezi mitano, anasema, na ilibaki makala moja tu afikie uprofesa. "Dawa nilikuwa na hakika nayo. Kilichokosekana ni picha. Nikajiambia nitaibadilisha baadaye." Anatazama mikono yake. "Baadaye haikuja. Ikaja tuzo." Majaribio ya dawa hiyo sasa yanarudiwa na watu wengine, na hakuna anayejua yatasema nini.

Makala ilibatilishwa. Ndipo ukaja mtihani ambao Bi Uzi hakuutarajia. Mkutubi mkuu, bosi wake, alimwita na kumfungia mlango.

"Bi Uzi, chomoa zile kurasa kumi na mbili, ushone upya, yaishe. Na mkataba wako nitausemea mimi mwenyewe."

"Nikizichomoa, namba zitaruka kutoka arobaini hadi hamsini na tatu."

"Nani atahesabu?"

"Atakayekuja miaka hamsini ijayo. Atasema fundi wa zamani alikuwa mlevi."

Mkutubi alicheka bila kutaka. Bi Uzi hakucheka. Alimwambia mambo mawili: kwamba kosa likitolewa kitabuni, atakayefuata hatajua liliwahi kutokea, na kwamba kisu cha kuchomolea anacho yeye, na hatakitoa. Mhariri alipopata habari, akaandika kuwa ndivyo ilivyo sheria ya majarida: makala ibaki mahali pake, na tangazo lishonwe mbele yake ili msomaji alikute kwanza.

Ndilo analolishona sasa. Anafunga fundo la mwisho, anakata uzi, anapitisha kidole gumba kwenye mshono.

Mkataba wake uliisha mwezi uliopita. Kamati inaketi Alhamisi. Daktari amejiuzulu uenyekiti, lakini wajumbe wawili ni rafiki zake wa karibu, na mkutubi, tangu siku ile, humsalimia kwa kichwa tu. Wakisaini, utabaki mwaka mmoja wa kazi kabla ya kustaafu. Wasiposaini, mdogo wake amekwisha kusogeza cherehani ili meza ya pili, ya kushonea vitabu, ienee sebuleni.

"Alhamisi watu watakaa waamue habari zangu," anasema. "Ijumaa ni yangu."

Ijumaa mhariri amemwalika kwenye maabara ya mimea, mkataba uwepo au usiwepo. Katika miaka thelathini na mmoja Bi Uzi ameshona maelfu ya picha za hadubini, na hajawahi kuweka jicho kwenye hadubini hata mara moja. Mhariri alimwambia maabara ina sampuli nyingi nzuri zilizoandaliwa tayari, achague anayoitaka.

Bi Uzi alishukuru, akakataa.

"Nitachuma jani mwenyewe, asubuhi hiyohiyo," anasema, akilifunga jalada jekundu. "Ili nijue limetoka wapi."