Jamu ya Maganda na Mwanamke Aliyekataa Kuanguka

Mimi si mtu wa kumpandishia mtu mzima sauti. Hata kuku nikimfukuza jikoni huwa namwomba samahani.

Lakini kuna siku nilisimama mbele ya bibi kizee wa watu, mwiko mkononi, nikamfokea kwa nguvu zangu zote: "Bibi, anguka!"

Mtaa mzima ulisikia.

Kilichofuata ndicho kinachonipa ujasiri wa kuwaandikia leo nyinyi msionijua. Kaeni vizuri, niwape mkasa wote.

Naishi na bibi yangu mzaa mama. Shule niliishia njiani, halafu watu naogopa. Mgeni akipiga hodi, mimi hapo hapo nakumbuka kwamba kuna nguo za kuanua uani. Hata kama sijafua.

Bibi ni kinyume changu. Anaongea na jiko, anaongea na ufagio, anamsema paka mpaka paka anahama chumba.

Kazi yake ni kuhifadhi vitu vya msimu, kwa njia za zamani. Nyanya zikijaa sokoni mpaka zinaozea chini, yeye anazipasua, anazinyunyizia chumvi na kuzianika juu ya bati. Malimau anayashindilia kwenye chupa na chumvi na pilipili, anayaacha juani mpaka yalainike yenyewe.

Na msimu wa matikiti ukifika, anapika jamu ya maganda.

Ndiyo, maganda. Usikunje uso.

Watu wanakula ile nyama nyekundu, ganda wanatupa. Bibi anamenya ngozi ya kijani, anabaki na ile sehemu nyeupe ngumu. Anaikatakata vipande vidogo, inalala kwenye maji ya chumvi. Asubuhi inasuuzwa, inaingia sufuriani na sukari na tangawizi. Ikiiva, kila kipande kinang'aa kama kioo. Ukipaka kwenye mkate hutaki mtu akusemeshe.

Maganda nilikuwa nachukua kwa muuza matunda wa kona. Kwa kuwa nachukua na kuondoka bila neno, akajipa jibu mwenyewe kwamba nafuga mbuzi.

"Mama Mbuzi! Leo nimekuwekea mfuko mzima. Vipi, wamezaa?"

Natikisa kichwa. Ningemwambia nini?

"Aisee, pole. Watazaa tu."

Sasa sikiliza siri ya jamu hiyo. Bibi hatumii saa. Anatumia kisa.

Kila sufuria, kisa kile kile: kisa cha Mama Kidole.

Huyo alikuwa jirani yake wa ujanani, kwenye nyumba ya kupanga yenye jiko moja la uani kwa wapangaji wote. Mama Kidole alikuwa anapita kwa kila mtu, anafunua sufuria, anachovya kidole, analamba, anatoa hukumu. "Hii chumvi ni ya kuhifadhia samaki." "Mwanangu, mama mkwe akionja hiki unarudishwa kwenu na mizigo yako."

Mama Kidole akiamka, unawasha moto. Akipiga hodi, povu jeupe linapanda, unaliengua. Akichovya kidole, unakamua limau. Akiteleza na kukaa kitako kwenye beseni la maganda, unaipua.

Moto ukiwa mkali, Bibi anamkimbiza Mama Kidole. Moto ukiwa hafifu, anamsimamisha njiani na kumtafutia watu wa kusalimiana nao. Kuna siku mkaa ulikuwa mbichi, Mama Kidole akasalimia mtaa mzima pamoja na marehemu.

Mimi niliwahi kujaribu kwa saa ya simu. Lilitoka tofali. Tulivunja chupa ili tulitoe.

Basi, nikiwa katika maisha yangu hayo ya kimya, mama mdogo akatoa neno. Msimu wa matikiti ukiisha sijapata kazi, anakuja kunichukua nikamlelee pacha wake.

Pacha nawapenda. Ila wale watoto wanang'ata. Halafu Bibi angebaki na nani? Na paka aliyehama chumba?

Kazi nilishatafuta, jamani. Nilikwenda duka la nguo nikasimama mlangoni nikisubiri maneno yanijie. Yakakataa kuja. Mteja mmoja akanipapasa mkono wa gauni akitafuta bei.

Bibi akanipa chupa moja ya jamu. "Peleka pale mgahawani. Mwambie mwenyewe unaweza kumpikia."

Nilifika, nikaiweka chupa mezani, nikatoka mbio.

Kesho yake hodi mlangoni. Kabla sijazifikia nguo za kuanua, mwanamke mnene mwenye aproni alishaingia.

"Kwenye mbuzi ndiyo hapa?"

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nimeulizia msichana wa kitambaa cha njano asiyeongea, muuza matunda akasema huyo ni Mama Mbuzi." Akacheka. Ndiye aliyekuwa mwenye mgahawa. "Natafuta mtu wa kunipikia jamu na achari pale kwangu. Mama yangu ameonja ile chupa yako, akanyamaza kama aliyemwagiwa maji. Kisha akasema hatulii mpaka aone inavyopikwa. Kesho nakuja naye. Tukiridhika, kazi ni yako."

Bibi alifurahi akaimba mpaka jioni. Alikuwa na mafua, mimi nikamwambia apumzike, hakusikia.

Asubuhi akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Kama tairi linaloishiwa.

"Bibi, sema kitu."

"Fyuuu," akasema Bibi.

"Sasa kisa atasimulia nani?"

Bibi akaonyesha sufuria. Akaonyesha mdomo wangu.

Kimenuka.

Wageni wakafika. Mama wa mwenye mgahawa alikuwa bibi mwembamba, miwani mizito kama vitako vya chupa, fimbo mkononi. "Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti ya mbu. "Marahaba," akajibu, akavuta kigoda mpaka karibu na jiko bila kuelekezwa. Bibi yangu alikuwa pembeni, amejifunika shali mpaka puani, anavuta mvuke wa maji ya moto.

Nikawasha mkaa. Nikatenga sufuria. Nikanyamaza.

Bibi akanitolea macho. Nikajifanya sioni.

Akanirushia limau. Likanipata mgongoni.

"Kulikuwa na jirani mmoja," nikaiambia sufuria.

"Sema tusikie na sisi," akasema mwenye mgahawa.

"Kulikuwa na jirani mmoja! Akiamka asubuhi, hanawi uso, ananawa kidole."

Mwenye mgahawa akaguna kwa kicheko. Mimi macho yangu yote kwenye sufuria. Na kumbe ukiitazama sufuria, watu wanapungua. Povu likaanza kupanda, nikampigisha Mama Kidole hodi haraka haraka huku naengua. Moto ukapungua, nikamsimamisha kwa mama mmoja mwenye kikohozi wasalimiane. Nikakohoa kama yule mama. Nikaongea kama Mama Kidole, pua juu.

"'Hebu nionje. Hiki ni chakula au ni dawa ya minyoo?'"

Mwenye mgahawa akajipiga mapajani. "Uuuwi! Huyu mwanamke angekuwa wangu ningemfungia ndani!"

Mama yake hakucheka. Alikuwa ameikaba ile fimbo utadhani inataka kutoroka.

Mama Kidole akachovya, nami nikakamua limau. Vipande vikaanza kung'aa. Tukafika penyewe. Nikashika vitambaa vya kuipulia.

"Basi akageuka kwa maringo, beseni la maganda hakuliona, akateleza—"

"Hakuteleza!"

Fimbo iligonga sakafu, paka akaruka dirishani.

"Samahani, bibi?"

"Nimesema hakuteleza! Alisukumwa!"

"Bibi ulijuaje?"

"Nilijuaje? Makalio yaliyolowa yalikuwa yangu!"

Mwenye mgahawa akasimama. "Mama! Mama Kidole ni wewe?"

"Hilo jina sikujipa mimi! Nimeonja ile chupa nikajua, huyu ni yule yule. Nimekuja kumwona kwa macho yangu. Kumbe ndiyo anavyonitangaza!"

Pale pembeni, shali ikaanguka. Bibi yangu alikuwa amesimama, kidole amemnyooshea mgeni, anatoa kamnong'ono kama mlango mkavu. "U-li-te-le-za."

"Ulinisukuma!"

"Fyuuu!"

"Usinifyulie mimi! Na gauni lilikuwa jipya!"

Huku nyuma, sufuria inachemka.

Najua mtaniuliza: si ungeipua tu? Jamani, mimi jamu hiyo sijawahi kuipua kabla Mama Kidole hajaanguka. Mikono yangu ndivyo ilivyofundishwa. Nimeshika vitambaa, nimeinama, nasubiri mtu aanguke, na mwenyewe anakataa.

"Bibi, samahani," nikasema kwa adabu, "naomba uanguke kwanza, halafu mtaendelea."

"Sianguki! Nimeangushwa miaka yote hii sipo, leo nipo sianguki!"

Mapovu yakawa mazito, yanapasuka taratibu kama matope. Rangi ikaanza kugeuka. Harufu ya sukari inayotaka kuungua ikanifika puani, nikawaona pacha wa mama mdogo na meno yao.

Ndipo kitu kikanipasuka kifuani.

"BIBI, ANGUKA! JAMU INAUNGUA!"



Mwenye mgahawa mdomo wazi. Bibi yangu mdomo wazi. Mimi mwenyewe niligeuka kuangalia nani kasema.

Bibi wa miwani akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Haya," akasema polepole. "Nimeanguka."

Nikaipua.

Mara tukasikia vishindo mlangoni. Muuza matunda, anahema, kisu cha matikiti mkononi. "Mama Mbuzi! Kaanguka nani? Mbuzi?"

Tulikuwa tunaiangalia jamu. Haikuwa ile ya kung'aa kama kioo. Ilikuwa ya rangi ya asali nyeusi. Nikasema moyoni, basi, kazi imekwenda na maji.

Nikateka kidogo kwenye sahani ipoe. Bibi wa miwani hakungoja kijiko. Akanyoosha kidole, kile kile cha kwenye kisa, akachovya.

Akalamba. Akafumba macho.

"Moto umezidi," akasema.

Nikaangalia chini.

"Kama siku ile. Tulivyokuwa tunagombana uani, mimi nimelowa, huyu anacheka, nani alikuwa anaangalia sufuria? Ikawa nyeusi hivi. Nikachota kwa kidole changu nikaondoka, na mwezi ule ule tukahama." Akalamba tena. "Ile ya kwenye chupa ilikuwa nzuri. Lakini hii ndiyo yenyewe."

Bibi yangu akasogea. Akachovya na yeye. Alikaa muda na kile kidole mdomoni.

Miaka yote hiyo alikuwa anamaliza kisa pale alipopenda yeye, na jamu anaiipua pale pale. Ugomvi hakuwahi kuusimulia.

"Kumbe," akasema Bibi. Sauti yake ya kwanza siku ile.

Kisha akavuta kigoda cha pili, akaketi karibu na mwenzake. Wakawa wanachovya kwa zamu, hawaangaliani, mpaka mmoja akaanza kucheka na mwingine akafuata. Wakacheka mpaka miwani ikavuliwa ifutwe.

Mwenye mgahawa akanigeukia. "Kazi unayo. Ila kwangu sitaki upike kimya. Jiko langu lipo mbele ya wateja."

"Nitaongea, mama," nikasema. Na nikaongea.

Muuza matunda tulimpa mkate wenye jamu. Akatafuna, akaangalia lile beseni la maganda, akaangalia uani pasipo na mbuzi hata mmoja. Akaelewa.

"Yaani mimi ndiye nilikuwa nawalea hawa mbuzi?" akasema. "Basi niongeze mkate."

Mama mdogo alipokuja kunichukua alinikuta niko kazini, wateja wamezunguka jiko, nampigisha Mama Kidole hodi. Pacha wakapewa mkate na jamu, wakang'ata mkate.

Siku hizi nikitenga sufuria kubwa, Mama Kidole mwenyewe anakuja, anakaa mbele, Bibi kando yake. Tukifika kwenye beseni, wateja wote wanamgeukia. Yeye anakunja uso. "Sianguki!" Bibi anasema uliteleza, yeye anasema ulinisukuma, na mpaka leo hakuna aliyelegeza. Mimi natazama rangi. Ikifika kwenye asali nyeusi nampa ishara kwa mwiko.

"Haya, nimeanguka."

Naipua, watu wanapiga makofi.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Kama kuna mtu mliyegombana zamani na bado unamtaja kila siku, ujue hujamalizana naye. Mtafute, hata kama ni kwa ajili ya kugombana upya. Na wewe mwoga mwenzangu, usikae ukisubiri woga uishe. Bandika kitu unachokipenda motoni, uone kama hutaongea.

Na maganda ya tikiti msitupe. Niwekeeni.

Mbuzi wangu wanasubiri.