Mikono Juu, Ndipo Buyi

Juzi nilipita Butembo, mashariki ya Kongo, kwenye kituo cha afya, nikakuta akina mama wakiwapikia watoto wao uji wa soya. Harufu ile, rafiki yangu, ilinisimamisha njiani. Wengine wakikumbuka utoto hutabasamu. Mimi nilikasirika upya.

Wakati wa vita tulikimbia kutoka kijiji cha karibu na Beni: bibi, mdogo wangu wa kike na mimi. Tulikuwa tumezoea joto la kule, na Butembo ikatupokea kwa ukungu na baridi ya kuuma vidole. Jirani mmoja, mama wa kanisa la Kiprotestanti, alitupa jiko lake tulale, wala hakuuliza sisi Wakatoliki tunasali vipi. Asubuhi tuliteka maji bondeni, tukamenya mihogo, bibi akigombana na moshi wa kuni mbichi. Tulicheka sana jikoni mle, usidhani hatukucheka. Lakini miguu ya mdogo wangu ilikuwa imeanza kuvimba, na nywele zake zimegeuka rangi ya mahindi. Bibi alikuwa akimtazama, kisha anageuza uso.

Ndipo shirika moja la Wakristo wa ng'ambo likaanza kugawa uji wa soya uwanjani kila Alhamisi. Sisi tuliuita buyi. Sufuria ilichemka pembeni, tukiinusa, huku mgeni akihubiri na mkalimani akitafsiri. Mwishoni waliuliza nani anataka kumpokea Yesu leo. Walioinua mikono walipigwa picha, wakaandikwa kwenye daftari, wakanywa kwanza. Wageni walibadilika kila wiki, hawakutujua sura. Basi tukaokoka kila Alhamisi! Mimi mwenyewe niliokoka mara nne, kwa majina manne.

Kubeba uji kwenda nyumbani kulikatazwa, kwa hiyo Alhamisi ya tano nilimleta mdogo wangu mgongoni. Swali lilipoulizwa, mikono yote ilipanda isipokuwa wake. Mkalimani akamwinamia.

“Weye hapana kutaka Yesu?”

“Yesu ananijua,” akajibu bila woga. “Ba père, mapadri betu, balinibatizaka zamani.”

“Basi ngoja kule nyuma. Benye banamutaka bakunywe kwanza.”

Akangoja. Mimi nilimaliza kopo langu nikidhani lake linakuja. Halikuja. Sufuria ilikwanguliwa, ikaoshwa, na mtoto pekee aliyesema kweli siku ile akarudi nyumbani na njaa.

Jirani yetu alipopata habari alishuka uwanjani mikono ikiwa bado na unga wa muhogo.

“Yesu hapana sabuni ya kufanyia réclame, ya kutangaza sokoni!” alimfokea mkalimani. “Mutoto wa njala atainua mukono hata kwa nani! Mumupatie chakula, basi, c'est tout!”

“Mama, ni programme yabo,” mkalimani akasema, akitazama chini.

Jioni ile jirani alimpa mdogo wangu maharage kutoka sufuria ya watoto wake mwenyewe, hakutaka hata ashukuriwe. Lakini maharage yake nayo yalikuwa yanaisha, na miguu ile ilizidi kuvimba. Alhamisi iliyofuata nikamwambia mdogo wangu ainue mkono tu.

“Nimudanganye Yesu?”

“Hapana Yesu. Danganya bale bageni.”

Aliinua. Wakampiga picha, wakampa makopo mawili. Wiki baada ya wiki uvimbe ukapungua, na bibi akaanza kumtazama tena. Uji ule ulimponya, siwezi kukana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wangeweza kumponya bila kumuuliza kitu.

Jiko lile limebomolewa, bibi na jirani wamekwisha kufariki. Hao nimewalilia ipasavyo. Ila tangu siku ile mdogo wangu, akiulizwa swali lolote, hutazama kwanza anayeuliza ameshika nini. Yule mtoto aliyekuwa akimjibu kila mtu kweli tupu sikumwona tena. Mimi ndiye niliyemfundisha uongo, wao wakaandika kwenye daftari kwamba ameokoka.