Fundi Asiyeita Udongo

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali pale Ikungi, mwanangu, nilipokula ugali wangu nyuma ya rundo la matofali kama mtu aliyeuiba. Nilikuwa kijana, fundi mgeni kutoka Kilimatinde. Tulikuwa tunajenga darasa, na mafundi wenzangu wote walizungumza Kinyaturu. Mimi Mgogo. Wakicheka, nikajua wananicheka mimi. Kumbe walikuwa na mambo yao!

Basi nikafunga mdomo. Wenzangu wakiishiwa udongo wa kujengea kule jukwaani, walimwita saidia fundi na karai likapanda. Mimi niliona haya kuita. Nilishuka mwenyewe, nikachanganya, nikapanda na karai langu, nikajenga matofali machache, nikashuka tena. Jioni mgongo uliwaka, na ukuta wangu ulikuwa mfupi kuliko kuta zote. Msimamizi akaniambia nisipowafikia wenzangu kabla ya Jumamosi, nirudi kwetu. Na mama nilikuwa nimemwahidi kwamba kazi hiyo ndiyo itakayoezeka nyumba yake.

Mchana ule nilipojificha nyuma ya matofali, Mzee Ntandu, fundi aliyetuzidi wote umri, alikuja na sahani yake akakaa kando yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We kijana, nguvu unazo, lakini zote unazimalizia kwenye ngazi. Kwa nini huiti?"

Nikamwambia naona haya. "Mficha uchi hazai," akasema, kisha akawageukia wale wengine kwa ukali. "Na ninyi! Mgeni anapanda na kushuka, mnamtazama tu? Hapa kazini tuseme Kiswahili. Kinyaturu tutakisema nyumbani."

Alasiri nikaita, "Udongo!" Sauti ilitoka nyembamba, lakini karai lilikuja. Jumamosi ilipofika ukuta wangu ulikuwa sawa na wa wenzangu, nami nikabaki, nikila pamoja nao.

Wote wale wametangulia mbele za haki. Siku hizi nakula peke yangu tena, na inaniuma. Ndiyo maana nakuusia wewe unayekwenda kusimamia ujenzi: kazi ikizorota, usikimbilie kulaumu saruji na mvua. Tazama kwanza nani anakula peke yake, ukakae naye. Nawe ukikwama, ita. Fundi haaibiki kwa kuomba udongo.

Mungu akujalie sauti ya kuita, mwanangu, na asikunyime mtu wa kuitika.