Siku Tuliyokuja na Vigoda

Sisi makatekista wa vijijini tuliitwa mkutanoni misheni Tabora kila baada ya mavuno. Padri alikaa kitini. Sisi tulisimama kutwa nzima mpaka miguu ikafa ganzi. Na huko vijijini ni sisi tuliofundisha watoto, tuliobatiza wanaokata roho, tuliozika!

Mwaka mmoja tukakubaliana kila mtu aje na kigoda chake. Changu nilikibeba kichwani kutoka Goweko, siku mbili kwa miguu.

Padri alipotukuta tumekaa, akauliza nani katuruhusu. Hakuna aliyeinuka. Akabadili mbinu: "Simameni tusali."

Tukasimama, tukasali, tukaitikia amina. Halafu tukakaa tena.

Watu huniuliza nani alitupa kibali cha kuanzisha chama chetu cha makatekista. Hakuna, na hatukukiomba. Chama kilianza pale, baada ya ile amina.